Kazi: Beki

Karani wa Huduma, hapa Malindi mjini,
amenisukumia fomu chini ya kioo.
Jina: Mwaringa Tsofa. Hilo rahisi.
Umri: thelathini na sita, ingawa goti la kulia lina sitini.
Kazi: beki.
Akavua miwani. "Beki ni kazi?"

Ni kazi, dada.
Nimeifanya miaka kumi na saba,
tangu kile kiwanja cha Muyeye cha mchanga na vipande vya kombe,
ambapo golikipa wetu alishonwa goti mara tatu
na mwamba wa goli ulikuwa tawi la mvinje.
Kocha Bwanakheri alitupanga kwa kimo, kama watoto wa chuo:
wafupi wenye hila mbele, warefu nyuma.
Mimi nilikuwa mrefu.
Basi. Hakuna malaika aliyeninong'oneza.

Mama alikuwa akishona makuti ya mahoteli ya Wataliano,
akilipwa kwa mia, bei ambayo hata leo siitaji.
Alikuja kunitazama mara moja tu.
Alikaa pembeni na fito zake na kamba,
akashona mpaka kipenga cha mwisho. Bila kwa bila.
Nikamwuliza, uliniona?
Akasema, sikuona kitu kilichopita.
Halafu, akikata kamba kwa meno:
"Aliyelala mkavu haangalii paa."

Nairobi nililipwa miezi mitano katika kumi.
Tulilala mabeki wanne chumba kimoja,
usiku tukipanga mtego wa kuotea
kwa vifuniko vya soda juu ya godoro.
Huko nilijifunza kutomtazama mshambuliaji miguu.
Miguu ina uongo mwingi. Kiuno hakijui kudanganya.
Nilijifunza kuvuta jezi kwa vidole viwili,
kuomba radhi kabla ya kosa,
na kunyamaza, jino la njumu likiwa ndani ya muundi wangu.

Alikuwako mmoja, Shivachi, namba tisa.
Misimu sita tulikumbatiana
kuliko watu wengi na wake zao.
Naijua harufu ya dawa yake ya kuchua,
najua bega analotangulia nalo akichoka.
Jina la mwanawe silijui.
Aliponunuliwa akaenda Zambia
nilikaa wiki nzima kama mtu aliyepewa talaka.

Goti lilikatika mazoezini, Jumanne, hakuna aliyenigusa.
Niligeuka tu,
kama mtu anayeitwa na sauti asiyoitambua.
Klabu ilinitumia mkungu wa ndizi
na nauli ya basi. Ya kwenda tu.

"Na sasa unafanya nini?" karani anauliza.
Napakia chumvi Gongoni, zamu ya alfajiri.
"Basi andika hiyo."
Nikaishika kalamu. Sikuandika.
Chumvi naipakia kwa mikono.
Lakini gunia likiteleza kutoka juu ya lori
mguu wangu huwa umeshafika chini yake kabla yangu,
na vijana hucheka: mzee, acha lianguke!
Siwezi kuacha kitu kianguke.
Hilo nalo lina kisanduku kwenye fomu yenu?

"Haya, ulifunga mangapi?"
Moja.
"Moja! Miaka kumi na saba?"
Moja, dada. Kwa kichwa. Golini kwetu.

Hapo akanisogelea, pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
"Ngoja. Wewe si yule wa fainali?
Dakika ya themanini na tisa?
Baba yangu alivunja redio kwa ajili yako!"

Ndiye, nikasema.

Akacheka mpaka akafuta macho,
akaita wenzake wawili waje wanione,
akagonga muhuri bila kusoma tena.
Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni,
kwa hiyo sikumwambia
kwamba siku ile
zilikuwako na dakika nyingine themanini na nane.