Fudifudi

Silver City, mwezi wa pili. Theluji nyembamba
imelalia korongo lililokuwa barabara kuu
kabla mafuriko hayajaibeba, maduka na yote.
Mimi niko chini, ghalani,
na brashi ya manyoya, na sungura.

Si yule wetu anayemwachia fisi madeni.
Huyu ni mweusi juu ya weupe wa bakuli,
masikio kama mkasi uliosahauliwa wazi,
ubavuni kachorwa miraba, miraba,
utadhani kameza mkeka.
Kila mguu vidole vitatu. Nimehesabu.
Aliyemchora alitafuna ncha ya jani
kama sisi tunavyotafuna mswaki,
na mstari haukumtetemeka hata mara moja.

Kisha, tumboni, tundu.
Si ufa, si ajali.
Mtu aligonga kutoka ndani, pigo moja,
bakuli likafunikwa usoni pa marehemu,
na sungura akabaki anatazama chini
miaka elfu, pua kwa pua.

Mwaka wa thelathini na moja fulani akaliziba kwa plasta,
akapaka rangi, akaunga miraba iliyokatika.
Kazi safi, sina budi kusema.
Kadi yake: *Limekarabatiwa. Sasa linapendeza.*

Wiki hii nalipwa kumharibia.
Pamba, maji ya vuguvugu,
subira ya kuchambua mchele wa harusi.
Plasta inalegea kama uji wa jana.

Jumanne alikuja Delbert Sarracino
na barua ya baraza lao, saa tano barabarani.
Hakuhutubu. Aliuliza choo kiko wapi,
akanywa chai, akatia sukari nne,
halafu akasimama mbele ya rafu:
“Mbona mmelilaza chali?”

Sikuwa na jibu.
Mimi wa kwangu nilimzika kwa simu,
mtandao ukikatika katika,
uso sikuuona ukifunikwa.

Leo kipande cha mwisho kimeanguka sinia, *tik*.
Nimechungulia tunduni:
kiatu changu, saruji, uzi mwekundu.
Nimekata sponji upya, nikaligeuza.
Sungura kaenda zake gizani.
Kwa juu ni udongo mtupu
na jicho moja lisilo na kope.

Fomu inauliza: *Hali ya kifaa?*
Nimeandika: kimetoboka.
Nikafuta. Nikaandika: kizima.

Jumatatu nitaulizwa.