Jini Hili Halitaki Ubani

Jumamosi, saa kumi na mbili unusu, Chumbageni.
Natandika meza, napanga vyombo vyangu
ambavyo si vya kuonyesha wageni:
chupa ya jamu yenye mfuniko usiovuja,
kijiko kirefu cha kukorogea uji,
na kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi
chenye mistari: tano, kumi, kumi na tano.
Miaka thelathini na moja nilimimina kwacho dirishani,
"Kutwa mara tatu, mama. Utikise chupa kwanza."
Mkono haujasahau.

Kupima najua. Kuchagua ndiko nimejifunza uzeeni.

Chupa ya kwanza niliinunua kwa sura:
shingo ndefu, nembo ya dhahabu, tai kakunjua mbawa.
Chema chajiuza, nami nilimfuata anayejitembeza.
Ilinuka rangi ya kucha.
Siku hizi nanunua kwanza ile ndogo,
nadondosha tone kiganjani, nasugua,
naiacha pombe iruke
kisha nanusa kilichobaki.
Pakibaki kitu, ganda la mti, pilipili manga,
narudi dukani kwa kubwa yake.
Pasipobaki kitu, hiyo ni spiriti ya kusafishia jeraha.

(Tekila naiweka mbali kidogo.
Hutoka kwa binamu wa mkonge.
Baba alikata mkonge Pongwe miaka ishirini,
miiba ikamwandika mikono yote miwili,
na hakuna aliyewahi kumwambia
kwamba mmea ule una ukoo unaolewesha.)

Vamuthi ndiyo iliyonitesa.
Shemeji Anselmo, mpishi wa melini, aliniachia moja,
nikaifungua, nikaonja, nikairudisha kabatini
kati ya sahani za harusi. Krismasi nne.
Nilidhani kila chupa huiva kwa kukaa, kama kinyongo.
Kumbe ni divai tu,
divai iliyofundwa uchungu na miti shamba,
ikishafunguliwa yataka friji, yataka kunywewa upesi.
Waja leo, waondoka leo: nayo ni mgeni wa Tanga.
Ile ya Anselmo niliitia vitunguu na pilipili.
Achari yake ilisifiwa na kwaya nzima.

Sasa natengeneza yangu.
Divai nyeupe ya Dodoma, konyagi ya kuipa mgongo,
ganda la chungwa la Muheza lisilo na nyama nyeupe,
hiliki mbili, mdalasini.
Uchungu namwachia Bi Mwanakombo, jirani,
ambaye hanywi, hajawahi, wala hatajaribu,
lakini mama yake aliuza mizizi Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
na pua ile alirithi yeye peke yake.
Hunusa majani kabla divai haijafika.
"Shubiri? Toa. Hiyo ni ya kumwachisha mtoto ziwa.
Mwarobaini umezidi, punguza majani matatu.
Uchungu usibishe hodi kwa teke.
Uje mwisho, ukae."

Mara ya kwanza aliniuliza ukutani, kwa sauti ya chini:
"Nasikia unafuga jini."
"Ndiyo. Liko frijini."
"Linataka nini? Ubani? Kuku mweusi?"
"Ndimu tu, na barafu."
Akacheka hadi kitenge kikamtoka begani.

Leo umeme umekatika tangu saa nane.
Nimemtuma kijana wa akina Shemdoe kwa muuza barafu,
amerudi na pande limefungwa gazetini,
habari za wiki iliyopita zimegandia ubavuni.
Nalipasua kwa mchi.
Jini, vikombe viwili vilivyojaa hadi mstari wa juu.
Vamuthi, kimoja.
Nakoroga nikihesabu hadi arobaini,
si zaidi, barafu hii haina subira.

Baada ya Magharibi mlango unagongwa.
Glasi yake iko tayari, ya mguu mrefu kama yangu:
ukwaju, mchaichai, ndimu, chembe ya chumvi.
Anaitazama yangu, inavyotoa jasho.
"Hiyo, kutwa mara ngapi?"
"Mara moja. Kwa wiki."
"Na chupa, hutikisi kwanza?"
"Hapana, bibie. Hii hukorogwa."