Mizani Mbili

Nina mizani mbili nyumbani,
na shairi hili halina hata moja.
Ya jikoni hupima mkate. Ya bafuni hunipima mimi.
Zote mbili hazina adabu.

Elfu moja na mia nne:
ndiyo posho yangu ya siku, aliyonipangia binti yangu Jagoda
jioni ile alipopiga magoti kwenye theluji ya kituo cha tramu
akanifunga kamba za viatu,
maana mimi na viatu vyangu
tulikuwa tumeacha kuonana.

Basi nahesabu.
Kipande cha mkate mweusi, themanini na tano.
Yai, sabini. Siagi (kisu kimepita tu, kikaaga)
thelathini na sita.
Kahawa haina kitu. Asante, kahawa.
Ikifika saa nne asubuhi nimeshakopa chakula cha mchana,
saa tisa nimeweka rehani cha jioni,
na usiku nasimama mbele ya friji
kama mdaiwa mlangoni kwa mwenye duka,
taa yake ikinimulika usoni.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa;
hakuna aliyenionya kwamba kibaba ni kiuno.

Na leo ni Alhamisi ya Mafuta.
Łódź nzima inakula maandazi ya jamu ya waridi.
Tangu saa kumi na moja alfajiri
foleni imezunguka kona ya Soko la Bałuty;
nimeipita na tramu yangu mara nne,
na mara nne nimepunguza mwendo
mahali pasipo na kituo.

Depoti, Zbyszek kaweka sanduku mezani.
"Bogumiła, asiyekula hata moja leo, mkosi mwaka mzima."
"Mia tatu na hamsini," nikamjibu.
"Mkosi?"
"Andazi."
Akacheka, akala langu.
Kidoleni mwangu kulikuwa na sukari, sijui ilifikaje.
Sikuiandika popote.

Saa kumi na mbili jioni, kwa mama,
nyumba ya wazee ya Zgierz, chumba namba tisa.
Mama aliyekuwa akikaanga maandazi sitini kwa mkupuo,
akitia kijiko cha pombe kali kwenye kinyunga
ili yasinywe mafuta.
Sasa anakishika kijiko, anakigeuza,
anakirudisha kwa heshima, kama kitu cha mgeni.
Otylia, muuguzi, akanionyesha karatasi ukutani.
Lengo la siku: elfu moja na mia nne.
Nikadhani wamekosea, wameandika langu.
"Jana alifika mia sita na kumi," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja deni la marehemu.

Kwenye sahani, andazi moja, limekaa tangu mchana.
Nikalimega, nikampelekea mdomoni.
Akafunga midomo. Akanitazama kutoka juu hadi chini,
mimi, kilo tisini na tatu na koti la kazi.
"Wewe kwanza," akasema. "Umekonda."

Nikala. Akala.
Nikala. Akala.
Jamu ikamchuruzika kidevuni, nikaifuta kwa kidole,
na kidole, tuseme tu,
hakikupotea njia.

Sasa nimekaa kama abiria, kiti cha nyuma,
mwenzangu anaendesha na anafunga breki vibaya.
Simu inauliza: nusu, au zima?
Sikumbuki nani alikula nini.
Kule ukutani Otylia ameandika mia tisa na tano
akaipigia mstari, mara mbili.
Hapa namba yangu imekuwa nyekundu.
Saa sita usiku itafutwa, itarudi sifuri,
ya mama pia,
na kila mmoja ataanza kupanda kilima chake,
mmoja akiogopa kufika, mwingine akishindwa.

Naandika: andazi, nusu.
Nafuta.
Naandika: andazi, zima.
Kioo kina sukari.
Kesho nitaanza na kahawa.