Jiwe la Ausi Mchopa

Miaka minane lilikaa ndani ya debe la unga
jiwe la Ausi Mchopa,
limefungwa kitambaani, kitambaa ndani ya nailoni,
nailoni imepigwa mafundo matatu
na kila fundo lina ahadi yake:
bati, ng'ombe, ada ya mtoto wa mwisho.

Mtoto wa mwisho keshaoa.

Akaja nalo Masasi, kibandani kwangu Mkuti,
asubuhi ya Jumanne, umeme umekatika,
nami napekecha kwa mkono vishanga vya rodolaiti,
yale makapi wanayotema madalali,
yenye ufa, yenye wingu, madogo kama punje za mtama.
Huyanunua kwa kilo, kama dagaa,
nikayapa tundu, nikayapa uzi,
yakapata shingo za kukaa.

"Fundi," akasema, hakuketi,
"nilikuwa nasubiri bei ipande."

Lilikuwa kijani. Kijani cha kisamvu baada ya mvua,
laini, limelambwa na mto Lukuledi
mpaka likasahau kona zake.
Nikaligusisha shavuni: baridi yake haikutosha.
Nikaliinua juani: mle ndani
kiputo kimoja, duara kamili,
pumzi ya mtu aliyepuliza chupa
kabla babu zetu hawajazaliwa.

Tunduru nilikojifunza kazi, nikichungulia juu ya mabega ya wanaume,
nilisikia njia ishirini za kumwambia mtu
jiwe lake halifai, ili aliachie kwa bei ya sigara.
Sikusikia hata moja ya kumwambia si jiwe.

Nikachukua kipande cha kwatzi, nikalikwaruza ubavuni.
Likakubali. Vito havikubali upesi hivyo.

"Chupa," nikasema.
Neno moja; mawili yangekuwa huruma.

Akanyamaza. Ng'ambo ya barabara
muuza maandazi aligombania chenji.
Kisha Ausi akacheka, sijui kicheko cha nani:
"Basi Somoe alijua."
Alijua tangu mwaka wa kwanza.
Kila akichota unga alilisogeza taratibu,
kama asogezwavyo mtoto aliyelala,
akauliza, "Bei bado, eh?"

"Litoboe," akasema. "Nalo lipate kazi."

Chupa hutobolewa kwa adabu.
Maji, tone kwa tone. Keekee usiikaze.
Upande huu nusu, geuza, upande ule nusu,
matundu yakutane gizani
kama wachimbaji wawili wanaoitana kwa kugonga mwamba.
Mara tatu nililisikia likilia.
Kiputo nilikikwepa kwa unene wa unywele:
pumzi ya mtu haitobolewi.

Nikalivisha waya wa shaba niliouchuna kwenye mota mbovu,
huku na huku punje mbili za rodolaiti,
nyekundu, za kweli, zisizo na bei.

Hela hakuwa nayo. Aliniachia kibaba cha njugu mawe
za msimu uliopita, ngumu kama deni.
Nilizichemsha tangu magharibi mpaka mkaa ukaisha.
Kijiko cha tatu, jino likagonga kitu.
Nikakitema kiganjani,
nikakifuta kwa pindo la kanga,
nikakisogeza kwenye taa
(mkono wenyewe, sikuutuma)
nikafumba jicho moja.