Alhamisi za Jaji Stroud

Kwenye jiwe lake wamechonga: Mbunge. Jaji.
Chini yake mwaka wa kuja, mwaka wa kwenda.
Mimi nilikuwa karani wake miaka kumi na tisa,
nikinakili hukumu zake kwa wino ulioganda chupani kila Januari,
na nasema jiwe limefupisha mno.

Philander Stroud, mtoto wa mpasua mbao wa Indiana.
Baba juu ya gogo, yeye shimoni,
msumeno ukipanda, ukishuka,
unga wa mbao ukimwingia machoni.
Labda ndiyo maana alipepesa kope hata ukubwani
kabla ya kutamka neno zito.

Sheria alijisomea, kwa kitabu cha kuazima
kilichokosa kurasa arobaini za mbele.
"Mwanzo wa haki," alipenda kutania, "sijaujua hadi leo."

Wakampeleka bungeni Indianapolis, vipindi viwili.
Aliyoyatunga huko yamesahaulika, isipokuwa moja:
daraja la kulipia juu ya mto Wabash,
na mtu yeyote asivushe abiria kwa ujira
maili moja juu, maili moja chini.
Hisa ishirini za daraja zilikuwa za mkewe.
Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza.

Mwaka wa tatu wa ujaji wake
akaletwa Obed Lackey, mvushaji,
vidole kama mizizi, kofia kifuani.
Kosa: kumvusha mkunga usiku wa manane, kwa senti sita.
Jaji akapepesa kope. Akaisoma sheria,
sheria yake mwenyewe, hadi nukta.
Dola kumi. Obed akauza ng'ombe.

Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Siku ile ulikata upande mmoja.

Lakini theluji ilipoyeyuka,
kila Alhamisi Jaji alimfunga farasi wake kwenye nguzo ya daraja,
akateremka matopeni, akaketi katika mashua ya Obed,
akavushwa ng'ambo, akarudishwa.
Hawakuzungumza.
Ujira ulikuwa kosa, kwa hiyo alisahau vitu:
kikapu cha tufaha, glavu mpya,
mara moja kitabu cha hesabu, kwa binti wa Obed.
"Nimesahau tena," aliniambia. "Uzee huo."
Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Hakuifuta sheria. Hisa hazikuuzwa. Sitamtakasa.

Tulimzika Jumatatu.
Jeneza lilipita darajani, ushuru ukalipwa,
nami nikachungulia chini kati ya mbao:
Obed, kofia kifuani, kasia limelala magotini,
mashua ikielea pole pole kivulini mwetu,
nafasi ya abiria imefutwa maji, imekauka.