Kubisha

Baba yangu, Mfaume Likwata, nchi kavu hakubisha.
Ukimpunja chenji dukani, alipokea.
Kaka yake alipomega minazi kumi na saba kule Naumbu
akadai mpaka ulipita huku, si kule,
Baba aliitazama miguu yake,
akavaa kofia, akaondoka.
Mama alisema: mdomo wa huyu
Mungu kauumba kwa ajili ya chai tu.

Lakini mimi nilikuwa naye safari ile ya mabati,
siku kumi na moja, Kivinje hadi Mikindani,
kusi usoni, mkondo nao ukiturudisha tulikotoka.
Barabara ilikatika kwa mvua, nami nilikuwa kwa shangazi,
miaka kumi na miwili, narudishwa nyumbani.
Mfua maji akashikwa na homa.
Nikapewa kopo.

Watu huniuliza bahari ilikuwaje.
Sikuiona. Niulizeni ngama:
harufu ya sifa na kutu,
maji kwenye fundo la mguu, gotini, tena fundoni,
na juu ya kichwa changu mabati
yakizozana usiku kucha kama mawifi.

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua.
"Bisha! Lete foromani! Bisha, nasema!"
Tanga likapiga kofi, chombo kikalala ubavu wa pili,
kopo likanitoka.
Nikachungulia nimwone mwenye sauti.
Alikuwa Baba.

Upepo ulisema, rudini.
Hakuujibu usoni.
Aliupa bega la kushoto, akaenda mbali na kwetu,
mbali sana, hata nikadhani amekata tamaa;
ndipo akaupa la kulia.
Kutwa nzima ya kwenda pembeni
kupata mbele urefu wa uwanja wa mpira.

Asubuhi ya sita tuliamka mbele ya Sudi.
Asubuhi ya saba, Sudi.
Nangunda baharia akacheka mpaka akatoa machozi:
"Jamani, hawa wametuoa!"
Maji ya kunywa yalikuwa robo pipa.
Baba aliyapima kwa kifuniko cha birika,
mimi kwanza, yeye mwisho,
na mara mbili nilimwona akinywa kifuniko kitupu,
akafuta midomo kabisa, kama aliyeshiba.

Asubuhi ya nane, Mgao.

Tulipofika, mwenye shehena akahesabu:
bati nne zimepinda, nakata ujira.
Nilisubiri sauti ile.
Baba aliitazama miguu yake.
"Haya," akasema.
Nilitaka kumpiga na kopo.

Sasa amelala Naumbu, chini ya mnazi
ambao kwenye karatasi si wake.
Mimi nina miaka hamsini na mitatu, na bahasha.
Baraza la Ardhi waliniambia njoo Jumatatu.
Jumatatu, karani yuko semina.
Mtendaji wa kata akanituma Lindi, kwenye majalada ya zamani;
Lindi wakaniambia, mama, hili ni la Mtwara.
Sudi.
Na Sudi tena.
Binamu yangu, yule anayevuna minazi,
hunicheka stendi: dada, unazunguka tu.
Ndiyo, nazunguka.
Mwezi huu nimeupa bega la kushoto.

Jana karani aliinua macho kwenye simu yake:
"Mama, acha kubisha."
Sikumjibu usoni.
Nilikaa kwenye benchi, nikafungua chupa,
nikamimina chai kwenye kifuniko,
nikampa kwanza kikongwe wa Msimbati
aliyefika kabla yangu, tangu mwaka juzi.

Bado sijui kwa nini sauti ile aliiacha majini.
Labda nchi kavu hakuuona upepo unatokea wapi.
Labda alichoka tu.

Mlango ukifungwa, nayasikia mabati.
Nayasikia maji kwenye fundo la mguu.
Nainama, nachota.
Kesho saa mbili na nusu, hodi.