Ungo Ulikuwa Mzima

Kopo la maziwa ya unga, nimelitoboa kifuniko kwa msumari,
nikaliweka dirishani, Kidato cha Pili B,
upande unaopigwa na upepo wa Bahi,
ule unaoacha mchanga kwenye meno.
Nikasema: andikeni, msiweke jina.
Wakacheka.
Siku nne nililitikisa jioni kama mtu anayepima kibuyu.
Ijumaa likawa zito.

Usiku nikayamwaga mezani, kando ya mlenda uliopoa:
karatasi za daftari, ganda la biskuti,
kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwa kikawa kidonge.

*Mwalimu, nikiota usiku shuka linalowa. Nimerogwa?*
*Eti ukiruka kamba mara hamsini baadaye, mimba haishiki?*
*Kwa nini damu ni yetu peke yetu?*
Na moja kwa wino mwekundu, herufi zinakimbia:
*Akisema atanilipia michango ya shule, ni lazima?*

Hapo nikanawa mikono. Sikula tena.

Mwalimu Chidawali amenishauri, kwa wema, akikuna kidevu:
"Ile sura waachie, watajisomea."
Nikaenda kabatini kuitazama sura yenyewe.
Vitabu tisa. Katika vyote tisa haipo.
Imekatwa kwa rula, taratibu, ukingo umenyooka,
kazi ya mtu mwenye adabu na kiu.
Walishajisomea, Mwalimu.
Waligawana kurasa kama maji ya kuchimba korongoni:
huyu kapata mchoro usio na maelezo,
yule maelezo yasiyo na mchoro.

Na daftari la mahudhurio, nalo lina sura zilizokatwa.
Sechelela hayupo, Jumatatu hadi Jumatano.
Mwezi unazunguka, hayupo tena.
Tumeandika "mgonjwa" mwaka mzima, kwa mkono wangu mimi.
Si mgonjwa. Choo hakina mlango,
na ndoo moja ya maji ni saa nzima ya mchanga.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Shangazi alinivuta nyuma ya ghala la uwele,
akaninong'oneza: "Umevunja ungo."
Nikakimbia jikoni kuutazama.
Ungo ulikuwa mzima, umetundikwa palepale,
pumba bado zimenasa ukingoni.
Nikaapa sikuugusa.
Akasema, basi, kaa mbali na wavulana.
Asubuhi nikabeba dawati langu hadi ukutani,
nikausoma ubao kwa pembeni hadi mtihani wa mwisho.
Hakuna aliyenieleza mbali ni wapi.

Jumatatu nikaandika: uke. Nikaandika: uume.
Kwenye *hedhi* chaki ikakatika.
Vicheko vikapita chini ya madawati kama kuku.
Nikangoja. Vicheko navyo huchoka.

Nikasema: hujarogwa, mwanangu,
mwili unajaribu sauti yake, kama jogoo mchanga.
Nikasema: kamba haina habari na tumbo la mtu.
Nikachora mfuko wa uzazi, mdogo, kama ngumi iliyofumbwa,
na Yared, ambaye huwa hanyanyui mkono,
akauliza kama dada yake anaumwa kweli, au anasingizia.
Anaumwa, Yared. Mchotee maji.

Ile ya wino mwekundu niliisoma mara mbili.
Si lazima. Jana haikuwa lazima, na leo si lazima.
Anayetoa pesa akadai mwili hakusaidia, amenunua,
na wewe hukuwahi kuwekwa sokoni.
Nyumba yangu ni ya mwisho kabla ya reli. Taa huwaka hadi saa nne.
Sikumtafuta kwa macho.
Nilitazama dirisha, vumbi, mbuzi wa mtu.

Imebaki moja, ya chini kabisa.
Imekunjwa mara nne, ndani nyeupe, haina hata nukta.
Nimeigeuza kwenye mwanga. Kalamu iliwekwa, ikaondolewa;
kuna alama ndogo ya kubonyea.
Hiyo sina jibu lake.
Nimeirudisha kopo, nikaacha kalamu dirishani,
na leo jioni, nikipita, kalamu haipo.